Zizi Lililofungwa kwa Amri

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado majanini, vijia vya Khayega, Shinyalu na Malinya katika Kaunti ya Kakamega hujaa watu wanaokimbia nyuma ya fahali. Ngoma za isukuti zinalia, matawi yanapepea, na kina mama wanaokwenda sokoni husogea pembeni upesi kumpisha mnyama aliyenona kuliko mmiliki wake. Muulize mtu wa Kisii au Nyamira kama kwao kuna mchezo huo, naye atakujibu kuwa hayo ni mambo ya Waluhya. Kwa leo, hajakosea sana. Lakini Abagusii, wenyeji wa kaunti hizo mbili, nao walikuwa watu wa ng'ombe kabla ya kuwa watu wa chai na ndizi, na walikuwa na mahali maalumu ambapo vijana na mifugo waliishi pamoja. Mahali hapo palifungwa kwa amri.

Paliitwa egesarate, na kwa wingi, ebisarate. Ilikuwa kambi ya ng'ombe iliyojengwa mbali na miji ya wazee, huko malisho yalikokuwa mapana na adui alikokuwa karibu. Vijana ambao hawajaoa, abamura, walilala huko na mifugo ya jamaa zao. Walichunga mchana, usiku wakakesha kwa zamu, mikuki ikiwa karibu, maana Wakipsigis na Wamaasai nao walikuwa na macho kwa ng'ombe haohao. Hakuna aliyelipwa mshahara. Ng'ombe waliokuwa wakilindwa ndio waliokuwa mahari: dada akiolewa, mifugo iliyoingia ilimwezesha kaka yake kuoa. Kijana aliyesinzia zamu yake alikuwa anahatarisha arusi yake mwenyewe.

Kwa hiyo kambi moja ilikuwa zizi, bweni la vijana na kikosi cha jeshi kwa pamoja. Serikali ya kikoloni iliona hilo la tatu kuliko yale mengine. Msafara wa kijeshi wa Waingereza uliingia Gusii, nchi ya Abagusii, mwaka 1905, na mwaka 1907 wakafungua kituo cha utawala pale ulipo mji wa Kisii leo. Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii, Otenyo, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G.A.S. Northcote. Abagusii wengi husimulia kuwa aliyemtia moto ni nabii Moraa wa Ngiti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii ndio waliolipa: nyumba zilichomwa, watu wengi wakauawa, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 ikaja amri ya kuvunja ebisarate. Vijana warudi nyumbani, ng'ombe wagawanywe kwenye maboma. Kijana anayelala nyumbani kwa baba yake ni rahisi kumhesabu, kumtoza kodi na kumpeleka kazini.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa koloni lao, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, wakaingia Kisii. Katika vurugu hiyo wenyeji walipora mji na misheni, na adhabu yao ikawa ileile ya zamani: kunyang'anywa ng'ombe.

Kwa nini basi Kakamega wakabaki na fahali wao? Wengi husema ni nafasi ya ardhi. Sikubaliani nao sana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 Kakamega, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Hapo pia mashamba ni vipande. Nionavyo mimi, tofauti iko kwa nani aliyemshika fahali. Kwa Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huko Kakamega, fahali aliingia kwenye matanga. Mzee mwenye heshima akifa, mafahali huletwa na ngoma kumsindikiza. Serikali inaweza kufunga kambi, lakini haiwezi kufunga kifo. Kwa Abagusii fahali alibaki kwenye kambi ya vijana, na kambi ilipovunjwa hakuwa na pengine pa kukimbilia.

Kakamega mzigo wa kumtunza fahali bado unabebwa na majirani. Fahali wa mapigano hakamwi wala halimi. Anatengwa na wenzake ili awe mkali, na lazima awepo wa kumkatia majani kila siku. Siku yenyewe huja wapiga ngoma, waimbaji, na wenye fimbo wa kuzuia watu wasikanyagwe. Mafahali hugonganisha vichwa, husukumana, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa, basi. Pemba nako kuna mchezo wa ng'ombe, ila huko mtu mwenyewe ndiye humchokoza fahali.  Ngoma ya isukuti yenyewe UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa hiyo hata Kakamega mambo si shwari.

Mtu akitaka kuanzisha mapigano hayo Gusii leo, kikwazo cha kwanza kitakuwa kalenda. Waadventista, walioanza Nyanchwa mwaka 1912, wamejaa Kisii na Nyamira, na Jumamosi ni Sabato. Kikwazo cha pili ni fahali mwenyewe. Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kilomita ya mraba, na ng'ombe wengi ni wa maziwa, wamefungwa bandani wakiletewa majani ya nepia. Jike akihitaji dume, mkulima humpigia simu mtaalamu wa mifugo, naye hufika kwa pikipiki akiwa na mbegu ndani ya mtungi wa baridi kali. Yapo maboma ambayo mtoto amekulia humo akiwajua ng'ombe wote kwa majina, na hajawahi kuona fahali akiingia langoni.