Barua za Sayyida Salme

Sayyida Salme binti Said alizaliwa kwenye kasri la Mtoni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi. Nchi za nje zinamjua zaidi kwa jina alilobatizwa nalo, Emily Ruete, na kwa kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka Berlin mwaka 1886. Lakini kalamu yake ilianzia kwenye barua na ikaishia kwenye barua. Za mwanzo aliziandika mjini Unguja akiwa na miaka 15, na zilikuwa za siri. Za mwisho zilikutwa katika makaratasi yake alipokwisha kufa.

Mtoni ulikuwa mji wa lugha nyingi. Mbele ya Sayyid kilisemwa Kiarabu peke yake, lakini akishatoka, kila chumba kilirudi kwenye lugha yake: Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi, Kihabeshi, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Watoto wa kasri, wa kike kwa wa kiume, walisomeshwa chuoni na mwalimu mwanamke aliyetoka Oman. Walikaa juu ya mkeka kwenye baraza iliyo wazi, wakaanza na alifu na bee, kisha wakaingia katika Kurani, wakiisoma kwa sauti wote pamoja. Baada ya hapo njia ziligawanyika. Wavulana walifundishwa kuandika. Wasichana walitosheka na kusoma. Aghalabu watu wa zama zile waliona kwamba mwanamke anayejua kuandika anafunguliwa mlango usio na bawabu, kwani atamwandikia amtakaye.

Salme alijifundisha mwenyewe, kwa siri. Ubao wake ulikuwa mfupa bapa wa bega la ngamia, uliokaushwa ukawa mweupe, kama ule waliotumia wavulana. Alifungua msahafu, akatazama herufi na kuziiga moja moja juu ya mfupa, bila mtu wa kumwambia mkono uanzie wapi. Alipoona herufi zinatii, akamwita mtumwa mmoja wa nyumbani aliyesoma kidogo, akamfanya mwalimu wake wa hati. Habari ilipofichuka alilaumiwa sana, naye hakujali. Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani, aliushukuru uamuzi ule, maana ndio uliomwezesha kuwaandikia watu wa kwao kwa mkono wake bila kupitia kwa karani.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo hili yafaa kukumbuka barua ilikuwa kitu gani Unguja ya karne ya 19. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata pale lugha ilipokuwa Kiswahili, kwa kalamu ya utete na wino. Ilianza kwa salamu ndefu na dua, ndipo likaja neno lenyewe. Barua ya kwenda Maskati ilingoja pepo za kusi, na majibu yakangoja kaskazi. Wengi waliokuwa na mali na mashamba hawakuandika wenyewe. Walikuwa na makarani. Kwa hiyo siri yoyote iliyoandikwa ilikuwa na shahidi mmoja zaidi.

Ndiyo sababu mwaka 1859 Salme alitakiwa. Sayyid Said alikuwa amefariki baharini mwaka 1856, na mwanawe Majid akashika Zanzibar. Ndugu yao Barghash aliutaka ufalme, akaungwa mkono na dada yake, Khole, mtu ambaye Salme alimpenda kupita kiasi. Jilfidan alikwishakufa mwaka ule kwa kipindupindu, na msichana hakuwa na wa kumzuia. Nyumba za wala njama zilitazamana, kichochoro chembamba katikati, na yeye akawa karani wao mkuu. Aliwaandikia mashekhe na wakuu wa makabila, aliandika kuagiza bunduki, baruti na risasi. Alijua vyema kwamba risasi alizoziagiza kwa kalamu zingeweza kumpata Majid, ndugu ambaye alimlea na hakumtendea ila wema. Jambo hilo lilimkaa rohoni hadi uzeeni, na halikuwa dogo: mtoto wa miaka 15 alipewa kazi ya watu wazima kwa sababu tu kwamba mkono wake uliaminika.

Majid aliposikia, nyumba ya Barghash ilizingirwa. Dada zake wakaenda kumtoa usiku: wakamvika nguo za kike, wakamfunika uso na kumpitisha mbele ya askari katikati ya msafara wa wanawake. Akakimbilia shamba la Marseilles, ambako wafuasi wake walijikusanya. Wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid, shamba likavunjwavunjwa, na Barghash akahamishiwa Bombay. Majid alimsamehe Salme. Upande wa Barghash haukumsamehe kwa kusamehewa.

Kutoka hapo hadithi inajulikana zaidi, na mara nyingi inasimuliwa kama mapenzi matupu. Salme aliishi mjini, katika nyumba iliyopakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Akapata mimba, na usiku wa Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo, kisha wakaelekea Hamburg. Wakapata watoto watatu. Mwezi Agosti 1870 Ruete alianguka kwenye tramu, akafa. Mjane akabaki na miaka 25, mtoto wa mwisho bado mchanga, katika nchi ambayo sheria yake haikumwachia mwanamke kusimamia peke yake mali wala malezi ya watoto wake.

Umaskini ndio uliomrudisha kwenye kalamu. Alihama kutoka mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili apate posho. Karibu mwaka 1877, afya ikimtupa mkono na akihisi hatawaona watoto wakikua, alianza kuwaandikia kumbukumbu wasome baadaye, kwa kuwa hawakujua lolote kuhusu Mtoni wala kwa babu yao. Wakati huo huo alikuwa akipigania urithi wake. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, hakuonana naye, London mwaka 1875 wala Unguja mwaka 1885, ingawa safari hii ya pili Salme alifika na meli za kivita za Ujerumani. Serikali ya Kansela Bismarck iliyatumia madai yake yalipofaa na ikamwacha yalipokwisha kazi. Mwaka uliofuata kitabu kilitoka, na watoto ambao hapo mwanzo ndio peke yao waliokusudiwa kukisoma wakawa wasomaji miongoni mwa maelfu.

Kumbukumbu hizo zinasimulia Unguja kwa Wajerumani. Barua zinafanya kinyume chake: zinasimulia Ujerumani kwa mtu wa Unguja. Ni maandishi marefu aliyoyaelekeza kwa rafiki mwanamke aliyebaki nyumbani, ambaye jina halitajwi. Humo mna baridi, milango inayofungwa mchana kutwa, karamu ambazo mgeni haelewi wanacheka nini, mume anayeondoka asubuhi kwenda kazini na kumwacha mkewe na watumishi asiosikilizana nao lugha. Mna pia msiba wa 1870, ulioandikwa bila pambo. Ajabu yake ni lugha. Barua hizi kwa mtu wa nyumbani ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuna rafiki wa Unguja ambaye angeisoma. Mtu aliyejifundisha kuandika ili asipitie kwa karani sasa aliandika barua isiyoweza kupokelewa bila mkalimani. Ni vigumu kuamini kwamba zilikusudiwa kutumwa. Rafiki yule ni kiti cha mgeni tu, kilichowekwa ili mwenye maneno apate wa kuzungumza naye.

Kuhifadhiwa kwa barua hizi ni kazi ya mtoto wake wa kiume, Rudolph Said-Ruete, aliyezaliwa 1869. Alikuwa afisa wa jeshi la Prussia ujanani mwake, kisha akaacha jeshi na kufanya kazi Misri, katika reli na baadaye benki, kabla ya kuhamia London. Yeye naye alishika kalamu kwa ajili ya ukoo: mwaka 1929 alichapisha wasifu wa babu yake, Sayyid Said bin Sultan, kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa amefariki Jena tarehe 29 Februari 1924, baada ya kuishi Jaffa na miaka mingi Beirut, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya ukoo wa mumewe. Katika makaratasi yake zilikutwa barua. Said-Ruete aliikabidhi maktaba ya familia, pamoja na maandishi hayo, kwa taasisi ya mambo ya Mashariki huko Leiden, Uholanzi. Mwenyewe alifariki Lucerne, Uswisi, mwaka 1946.

Unguja ilimrudisha Salme polepole. Makumbusho ya Kasri, yaliyo katika Beit al-Sahel ya zamani mbele ya bahari, yalimtengea chumba kizima. Barua zenyewe zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na E. van Donzel huko Leiden, miaka 69 baada ya mwandishi kufa, na kwa tafsiri ya Kiingereza. Kijerumani alichoziandikia kilisubiri hadi 1999.