Kutoka Karatu hadi El Paso: misimu ya kwanza ya riadha yetu

Tarehe 21 Mei 2011, watu wa Arusha walijaa kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid kutazama mchezo ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuuona: futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, mabega ya plastiki na mpira wenye ncha mbili. Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines katika jimbo la Iowa, kilicheza na kikosi cha nyota wa vyuo vya Mexico na kushinda kwa pointi 17 dhidi ya 7. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya chuo cha Marekani kucheza mchezo huo katika ardhi ya Afrika, na magazeti ya huko kwao yaliiandika kama safari ya kihistoria.

Ilikuwa hivyo kweli. Lakini zaidi ya miaka 30 kabla ya siku hiyo, michezo ya vyuo vya Marekani ilikuwa imeshakutana na nchi yetu, na safari hiyo waliosafiri walikuwa vijana wetu. Walikwenda wakimbiaji. Walikwenda mmoja mmoja, bila bendi wala wapiga picha, na walichokifanya huko kinastahili kukumbukwa kuliko mechi yoyote ya mchana mmoja. Kukieleza vizuri kunadai kuanzia Karatu.

Ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro, baada ya Mto wa Mbu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ukifika Karatu mjini uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Endelea kupanda hadi ukingo wa kreta na utakuwa umepita mita 2,200. Watalii hupita hapa wakiwaza faru na simba. Watu wa riadha huwaza hewa. Kwenye mwinuko wa namna hiyo kila pumzi hubeba oksijeni kidogo kuliko pwani, na mwili wa mtu aliyezaliwa na kukulia huko hujifunza kuitumia vizuri. Ongeza vilima visivyoisha kuanzia Rhotia hadi Oldeani, mifugo ya kufuata na maji ya kuchota, na mtoto anafika umri wa miaka 15 akiwa na mapafu na miguu ambayo kocha wa Ulaya angehitaji miaka kuitengeneza.

Hata hivyo, mwinuko peke yake hautoi bingwa. Dunia ina milima mingi isiyo na medali hata moja. Bingwa hutokana na msimu: awepo mtu wa kupanga mazoezi, chakula cha uhakika, viatu, na mashindano yanayofuatana hadi mwili uzoee kushindana. Nyanda za Karatu na Mbulu zilikuwa na miguu tangu zamani. Misimu ilibidi itafutwe kwa wengine.

Wa kwanza kujulikana duniani alitoka Mbulu, enzi ambazo Karatu yenyewe ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. John Stephen Akhwari alikwenda Mexico City mwaka 1968 kukimbia marathoni ya Olimpiki. Akaanguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeshaingia, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limemfanya apendwe dunia nzima, na anastahili. Ninachosikitikia ni kwamba limemfunika Akhwari mkimbiaji. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa muda wa saa 2 na dakika 15, na wakati ule ni wachache sana duniani waliokimbia marathoni kwa kasi hiyo.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akawa fundi wa ndege Dar es Salaam, na ndipo inapotoka hadithi ambayo kila mpenda riadha wa umri fulani anaijua: kwamba alijifua kwa kushindana na mabasi ya jiji. Jeshi lilikuwa msimu wake wa kwanza. Lilimpa mshahara, chakula na muda wa mazoezi, vitu vitatu ambavyo mkulima wa Karatu hangeweza kumpa mwanawe hata angependa namna gani. Alikwenda kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akatolewa katika hatua za mchujo. Miezi michache baadaye, Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1,500. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1968 katika mbio hizo hizo. Mtu aliyemshinda alikuwa na miaka 19.

Halafu ikaja Christchurch.

Tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakati huo mbio hizo zilikuwa na desturi yake: wakimbiaji wanafungana kundi moja, wanaviziana kwa mizunguko miwili au mitatu, kisha kila mmoja anafyatuka mita 300 za mwisho. Bayi hakuwa na subira nayo. Bastola ilipolia alikwenda mbele na akabaki mbele. Mita 400 za kwanza alizikimbia chini ya sekunde 55. Alifika mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52, mwendo ambao katika nchi nyingi ungemtosha mtu kushinda mbio za mita 800 zenyewe. Nyuma yake walikuwemo Ben Jipcho wa Kenya, na John Walker na Rod Dixon wa New Zealand wakikimbia mbele ya watu wao. Wote walijua, au walidhani wanajua, kwamba kijana huyu atachoka.

Hakuchoka. Walker alimkaribia kwenye mnyoosho wa mwisho, uwanja mzima ukimsukuma kwa kelele, na Bayi akageuza macho, akamwona, akaongeza. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967 ilivunjwa na watu wawili kwa pamoja, kwa sababu Walker naye alimaliza chini yake. Wapo wanaosema hizo ndizo mbio bora za mita 1,500 zilizowahi kukimbiwa, nami niko upande wao, kwa sababu aliyeweka rekodi hakuwa na mtu wa kumkatia upepo hata hatua moja. Leo rekodi nyingi huwekwa kwa msaada wa wakimbiaji wanaolipwa kuongoza kasi na kutoka njiani. Bayi alijiongoza mwenyewe kuanzia mlio wa bastola hadi utepe. Muda ule ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022. Kwa Tanzania ni rekodi ya taifa mpaka leo.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, akaongeza rekodi ya maili moja: dakika 3 na sekunde 51.0. Walker aliichukua miezi mitatu tu baadaye, na dunia nzima ikasubiri wawili hao wakutane Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ile. Walker alishinda dhahabu kwa muda wa kawaida sana. Uamuzi wa nchi ulikuwa sahihi, nami nauamini hivyo hadi leo. Lakini gharama yake ililipwa na mtu mmoja wa Karatu mwenye miaka 23, akiwa kwenye kilele cha nguvu zake, na tunapojisifia msimamo wetu wa enzi hizo tuwe tunalitaja na jina lake.

Wakati huo huo mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Vyuo vikuu vya Marekani, vikishindania ubingwa wa riadha wa vyuo, viligundua kwamba ufadhili wa masomo unaweza kuleta wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Washington State kilimpata Henry Rono wa Kenya, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Chuo kilichowapokea Watanzania kilikuwa kule kusini, kwenye mpaka wa Mexico: Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, mji wa jangwa ulioko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kocha wake, Ted Banks, alikuwa akijenga kikosi ambacho historia ya michezo ya vyuo haijakisahau.

Kutoka Majita, mkoani Mara, alikuja Suleiman Nyambui. Kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, alikuja Gidamis Shahanga, ambaye mwaka 1978, akiwa na miaka 20 tu, alikuwa ameshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Alikuwepo pia Zakaria Barie. Nyambui alishinda mita 10,000 za ubingwa wa vyuo miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1980 akawa bingwa wa mbio za nyika. Kikosi kizima kilichukua ubingwa wa mbio za nyika kila mwaka kuanzia 1978 hadi 1981. Katika mbio hizo nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Ukamilifu, yaani kushika nafasi ya kwanza hadi ya tano, ni pointi 15. Mwaka 1981 El Paso ilipata 17. Hakuna chuo kilichowahi kupata chache kuliko hizo.

Hapo ndipo vijana wa nyanda zetu walipopata kile walichokikosa nyumbani. Chuo kiliwapa kocha wa kila siku, daktari, chumba, chakula, kalenda iliyojaa mashindano kuanzia mbio za nyika za vuli hadi mbio za ndani za majira ya baridi na za uwanjani za majira ya kuchipua. Na kiliwapa darasa. Walipokuja kuiwakilisha Tanzania, walikuja wamekomaa.

Olimpiki ya Moscow 1980 ilikuwa mavuno. Marekani iliposusia na Kenya ikafuata, Tanzania ilikwenda. Bayi, ambaye sasa alikuwa amehamia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alikimbia kwa desturi yake, mbele na peke yake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia mzunguko wa mwisho. Nyambui alifukuzana na Miruts Yifter wa Ethiopia katika mita 5,000 na kushindwa kwa chini ya sekunde moja. Medali mbili za fedha. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Miaka miwili baadaye, mjini Brisbane, Shahanga na Barie walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 10,000 za Jumuiya ya Madola, na Juma Ikangaa akachukua fedha katika marathoni.

Baada ya hapo mkondo ulipungua. Banks aliondoka El Paso. Nyumbani, miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya foleni za sukari na ukosefu wa mafuta, na shule iliyokosa chaki haikuweza kununua viatu vya kukimbilia. Mabingwa waliendelea kutokea, kwa sababu nyanda hazikuhama: Francis Naali alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 2002, Samson Ramadhani mwaka 2006, Fabian Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Lakini walitokea mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake, bila kikosi nyuma yao. Mbaya zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kwa miaka kadhaa, na ngazi ya kwanza kabisa ya mtoto wa kijijini ikang'olewa.

Ni katika miaka hiyo hiyo Bayi alirudi Karatu na tamasha. Kila Desemba, taasisi inayobeba jina lake huleta pamoja vijana wa Karatu na wilaya jirani: kilomita 10 kwa wanaume, kilomita 5 kwa wanawake, mbio fupi zaidi za watoto, pamoja na mpira wa wavu, soka, ngoma na kwaya. Kibaha amejenga shule. Sidhani ni bahati kwamba mtu aliyeona vyuo vya wenzetu vikivuna kutoka Afrika Mashariki aliamua kuweka darasa na uwanja mahali pamoja. Zimekuja pia mbio za Ngorongoro, zinazoanzia lango la hifadhi na kuteremka hadi Karatu mjini, kilomita 21 ambazo wenyeji huzijua kwa kila kona.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu ni mtu wa Singida, na ni mwanajeshi, kama Bayi alivyokuwa. Katika nguzo mbili zilizobeba misimu ile ya kwanza, jeshi bado limesimama. Nguzo ya chuo, yenye kocha wa kila siku, ufadhili na ratiba ya mwaka mzima kwa kijana wa Karatu mwenye miaka 18, hatujaijenga kwetu.