Karatasi Isiyo na Wino

Ukikifungua kigezo cha kushonea gauni cha miaka ya 1930, mara nyingi hukuti hata tone la wino. Ni karatasi laini ya hudhurungi, nyembamba kiasi kwamba ukiiweka kiganjani unaiona mistari ya mkono, na imejaa matundu. Madogo yamejipanga mstari, makubwa yamekaa mawili mawili au matatu matatu, na hata herufi inayotambulisha kipande imetobolewa, haikuandikwa. Fundi aliyezoea chaki akiishika mara ya kwanza atadhani imeliwa na mende. Lakini kila tundu lina kazi. Katika kimoja nilicho nacho, matundu matatu makubwa ukingoni yanakuamuru uuweke ukingo huo kwenye mkunjo wa kitambaa, usikate. Mstari wa madogo unaonyesha mahali pa kubania kiuno. Ukikosea kuyasoma, unapata nusu mbili za mgongo badala ya mgongo mmoja.

Sababu ya matundu ilikuwa kiwandani. Karatasi zilirundikwa, rundo zima likakatwa na kutobolewa kwa pamoja. Kuchapa alama kwa wino kulikuwa kazi nyingine na gharama nyingine. Kampuni ya McCall ndiyo iliyotangulia kuchapa, miaka ya mwanzo ya 1920, ikailinda mbinu yake kwa hataza, na washindani wakabaki na matundu yao kwa miaka mingi baadaye.

Huku kwetu Tanga hatukati kwa karatasi. Mama mkubwa alinifundishia barazani, kwenye cherehani ya Singer ya kukanyaga: mteja anasimama, futikamba inazunguka kifua, kiuno na nyonga, namba zinaandikwa popote penye nafasi, kitambaa kinatandazwa, mkasi unapita. Kigezo kilikuwa kichwani mwake, na alipofariki alikwenda nacho. Hilo ndilo linalonifanya nizithamini bahasha hizi za vigezo ambazo binti yangu ananiletea kutoka Leicester, Uingereza, kwenye maduka ya misaada yanayouza vitu vilivyotumika. Ndani ya kila bahasha kuna akili ya mkataji ambaye amekwisha kufa, na bado unaweza kuitandika mezani ukaifuata kwa kidole.

Aliyeifanya akili hiyo iuzike kwa posta ni fundi mwenzetu. Ebenezer Butterick alikuwa mshonaji wa Sterling, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, na mwaka 1863 alianza kuuza vigezo vilivyokatwa kwa saizi mbalimbali. Husimuliwa kuwa mkewe, Ellen, ndiye aliyelalamika kwamba hapati kigezo cha kumtosha mtoto wao. Kabla ya Butterick, tangu 1860, Ellen Demorest na mumewe walikuwa tayari wanauza vigezo vya karatasi mjini New York, ila vya saizi moja. Mnunuzi alijua mwenyewe pa kuongeza na pa kupunguza. Butterick alianza na nguo za wanaume na wavulana, na mwaka 1866 akaingia kwenye za wanawake. Karatasi nyepesi ilimfaa kwa sababu inakunjika na haina uzito ndani ya bahasha. Cherehani nazo zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani: Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kuanzia 1856 kampuni yake iliwakopesha watu mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Kigezo kisingemfaa sana mtu aliyekuwa anashona gauni zima kwa sindano ya mkono.

Wanaotafuta mishono ya zamani hukimbilia picha ya juu ya bahasha, na hapo ndipo wanapopotea. Picha ile imechorwa kuuza. Mwanamke wake ana kiuno cha kupita kwenye bangili na miguu ambayo hakuna mteja wangu aliyejaliwa. Mimi naigeuza bahasha, naangalia mchoro mdogo wa mistari ulio nyuma na orodha ya yadi za kitambaa, kisha navitandaza vipande. Mtindo uko kwenye mkato, na mkato mara nyingi ulitokana na dhiki.

Chukua vigezo vya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilianza mgao wa nguo tarehe 1 Juni 1941. Mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka, na hata nyuzi za kufumia sweta zilidai kuponi. Mwaka uliofuata serikali iliwawekea watengenezaji mipaka ya mifuko, vifungo na marinda, na suruali za wanaume zikapigwa marufuku kukunjwa miguuni. Marekani nako zikatoka amri za namna hiyo. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ikachapisha kijitabu cha kuwafundisha watu kugeuza na kukarabati nguo walizonazo. Wafumaji walirudia mitindo ya kisiwa cha Fair Isle, huko Shetland, yenye mistari myembamba ya rangi nyingi, kwani mstari mwembamba unamaliza vijipande vya uzi ambavyo havitoshi hata mkono mmoja wa sweta. (Kufuma sweta ni habari za Lushoto, hapa mjini tunatokwa na jasho tukiwa na kanga.)

Mkataji aliyebanwa hivyo alifanya nini? Sketi aliinyoosha na kuipandisha hadi karibu na goti. Mabega aliyaacha mapana, maana upana wa bega haumalizi kitambaa kama upana wa pindo. Halafu akakitumia kipande cha juu, kutoka begani hadi mwanzo wa matiti, kinachokatwa peke yake kwa kitambaa kingine. Kwa njia hiyo magauni mawili yaliyochakaa yalitoa moja zima. Mstari wa kiungio aliupinda kidogo katikati ili jicho lidhani ni pambo.

Kiungio hicho nakitumia sana. Huku kila harusi ina sare yake, na kila sare inaacha mabaki: nusu yadi hapa, robo yadi pale, ya kitenge kizuri ambacho mwenyewe hana moyo wa kukitupa. Mwalimu mmoja aliniletea mabaki ya harusi mbili tofauti, moja ya kijani na moja ya kahawia. Nikakinakili kipande cha juu kutoka kwenye kigezo cha 1942, kwenye gazeti, kwani karatasi yenyewe siikatii kamwe. Nikaupindisha mstari vilevile, kijani juu na kahawia chini, nikamtolea blauzi. Akajitazama kwenye kioo, akageuka. "Mama, mshono huu umeutoa wapi?" Nikamwambia, "Kwa Hitler."

Baada ya vita, tarehe 12 Februari 1947, mbunifu wa mavazi Christian Dior alionyesha Paris sketi pana zilizokula yadi nyingi za kitambaa, wakati Waingereza bado wanahesabu kuponi; mgao wao wa nguo haukwisha hadi Machi 1949. Vigezo vya miaka iliyofuata vimejaa upana. Vingi vyake vinanichosha, isipokuwa kimoja.

Ni Butterick namba 6015 ya mwaka 1952. Kina vipande vitatu tu. Nguo yake unaivalia kichwani, sehemu ya mbele ni nyembamba, inazungushwa ubavuni na kufungwa mgongoni. Kisha sehemu ya nyuma, ambayo ni sketi pana ya mviringo, inaletwa mbele, inapita juu ya ile ya kwanza na kufungwa kiunoni kwa vifungo. Hakuna zipu. Mwanamke yeyote wa pwani aliyejifunga kanga anaielewa nguo hii kabla hujamaliza kumweleza, na ukinenepa unasogeza vifungo tu. Husimuliwa kwamba kilinunuliwa kwa wingi hadi kampuni ikasimamisha vingine ili ikidhi maombi. Walikitangaza kama gauni la kuanza kushona asubuhi na kulivaa mchana.

Hapo kwenye mchana nawabishia. Kukata ni kazi ndogo, ila namba ya saizi usiiamini: mwaka 1967 kampuni za vigezo zilibadili vipimo, na saizi 12 ikahama kutoka kifua cha inchi 32 hadi inchi 34, kwa hiyo kwa bahasha ya kabla ya hapo nampima mteja upya. Mwendo mrefu uko kwenye kingo. Nguo yote iko wazi pembeni, na kila ukingo, kuanzia shingo na makwapa hadi mzunguko mzima wa sketi, unazibwa kwa utepe uliokatwa mshazari. Utepe huo naukata mwenyewe, nauunganisha, naupiga pasi, naushona upande mmoja kwa cherehani na wa pili kwa mkono. Tena naongeza vifungo vya kubana ubavuni, maana upepo wa bandarini hauna adabu. Mteja akiuliza mbona gauni lisilo na zipu linalizidi bei lile lenye zipu, nampa futikamba azungushe kingo mwenyewe, kisha tunazungumza bei.