Gari-moshi la Nairobi na reli ya Ubundu

Mtoto wa Kashebere, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapokutana na Walikale, huweza kukua hadi akaota ndevu bila kuona reli. Mizigo kwetu hubebwa na lori, pikipiki, chukudu na migongo ya akina mama. Nilipowapeleka wanangu kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, mdogo wao alisimama mbele ya dude la chuma refu kuliko nyumba yoyote ya kijijini, akaniuliza: "Papa, hii ilikuwa inakula nini?"

Ilikuwa inakula mafuta mazito. Jina lake ni Mount Gelai, namba 5918, kwa heshima ya mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Ni moja ya injini 34 za Garratt zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252. Tangi la kuchemshia maji limekaa katikati, limebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila seti na silinda zake. Ndivyo uzito ulivyotawanywa, na ndivyo jitu hilo lilivyoweza kujipinda kwenye kona za kupandia kutoka Mombasa. Katika reli za upana wa mita 1, duniani hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kama hizo.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, mvuke ukiwa bado kazini. Ndani yake kuna behewa dogo ambamo, Juni 1900, simba aliingia usiku katika kituo cha Kima, akamkamata ofisa wa polisi Charles Ryall usingizini na kutoka naye dirishani. Wanangu walilizunguka behewa hilo mara tatu. Mimi niliwaza zaidi juu ya vibarua wapatao 2,500 kutoka India waliokufa wakiijenga reli hiyo ya kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901.

Tukiwa nje niliwaonyesha vyuma viwili vya reli na kuwaambia: upana huu huu uko kwetu. Ukitoka Kashebere ukashika njia ya Walikale na Lubutu, utafika Kisangani, na hapo ng'ambo ya mto huanza reli ya Ubundu, kilomita 125, nayo ya mita 1. Kampuni ya Mbelgiji Édouard Empain, iliyoanzishwa 1902, iliijenga ili mizigo ivuke maporomoko saba ya Boyoma, mahali meli haziwezi kupita. Treni zilianza kutembea 1906, nchi ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold II.

Reli hiyo inatuhusu kwa jambo jingine, na hapa sipendi kupita haraka. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi Wanyarwanda walipita Masisi na Walikale kwa miguu, wakielekea kambi ya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Walionusurika walisonga hadi kwenye reli ya Ubundu, wakapiga kambi Kasese na Biaro. Tarehe 4 Mei 1997 treni iliyowatoa Biaro iliingia Kisangani ikiwa na maiti 91: watu waliobanwa na kukosa hewa mabehewani.

Nairobi imetunza behewa kwa ajili ya mtu mmoja, na imefanya vyema. Uganda nayo ilifungua makumbusho yake ya reli Jinja mwaka 2022. Kisangani inastahili jumba la namna hiyo: injini moja ya mvuke, picha za waliotandika vyuma msituni, na chumba cha wale 91.

Mzee uliyewahi kuwa dereva, fundi au mpokea tiketi katika njia ya Ubundu, waite wajukuu uwasimulie, na mmoja wao aandike.