Maumivu ya kifundo cha mkono kwa watumiaji wa kompyuta: Chanzo, dalili na kinga

KOMPYUTA zimeingia katika ofisi, hospitali, shule na maduka ya uchapaji ya Mbulu, Haydom na Katesh, kama zilivyoingia katika miji mingine nchini. Pamoja nazo limekuja tatizo ambalo wengi hulichukulia kuwa uchovu wa kawaida: maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi ya vidole na mkono kukosa nguvu ya kushika kitu.

Walio katika hatari ni wale ambao vidole vyao ndivyo mtaji wao. Hao ni pamoja na waandaaji wa programu za kompyuta, makatibu mahsusi, wahasibu na wachapaji.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, jambo hili lina uzito wa pekee kwa kuwa wapo wafanyakazi wa ofisini ambao pia hulima na kufuga. Mkono unaobonyeza vitufe mchana kutwa huenda alfajiri ulikamua ng'ombe, na Jumamosi utashika jembe. Kukamua ni kazi ya kubana vidole kwa nguvu na kwa kurudiarudia. Mzigo wa shambani na wa ofisini hubebwa na kano zilezile.

Chanzo chake

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa upande mmoja na utando mgumu upande wa kiganja. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva ya kati, ambayo hupeleka hisia kwenye vidole. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimepinda kwa muda mrefu, neva hiyo hubanwa.

Si kila maumivu hutokana na neva kubanwa. Mara nyingi ni misuli na kano zilizochoka. Ujauzito, kisukari na upungufu wa homoni ya tezi la shingo navyo huongeza uwezekano wa neva kubanwa.

Maradhi haya si mapya. Mwaka 1700, daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu makarani waliolemaa mikono. Alitaja sababu tatu: kukaa muda mrefu, kurudia mwendo uleule wa mkono, na akili kukazana ili wasikosee hesabu. Mwandishi wa programu wa leo atajitambua katika maelezo hayo.

Utafiti uliofanyika Denmark kwa wafanyakazi 6,943, na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kibodi ndiyo husababisha neva kubanwa. Hata hivyo, ulionyesha kuwa ganzi iliongezeka kwa waliotumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kwa hiyo, anayetafuta chanzo cha maumivu yake asiitazame kibodi peke yake.

Dalili za kuzingatia

Dalili ya kwanza huwa ni ganzi au mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mara nyingi humwamsha mtu usiku, naye hukung'uta mkono ili apate nafuu. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo, yaelekea neva inayohusika ni nyingine, ile inayopita kwenye kiwiko.

Vitu vikianza kuponyoka mkononi, ganzi ikiwa haiondoki, au nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, mgonjwa asisubiri. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu huweza isirudi katika hali yake, hata baada ya upasuaji. Anayewahi hospitalini huweza kutibiwa kwa kufungwa bamba la kunyoosha kifundo wakati wa kulala, au kwa sindano. Upasuaji hufuata pale hayo yanaposhindikana.

Kibodi ipi inafaa?

Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine za taipu za Christopher Latham Sholes wa Marekani, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Kwa kuwa vitufe vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, mikono hulazimika kupinda kuelekea nje.

Kibodi zilizogawanyika katikati, kama ile iliyotolewa na Microsoft mwaka 1994, zilibuniwa ili kuondoa mpindo huo. Huweka mkono katika hali nzuri zaidi, lakini watafiti hawajapata ushahidi mzito kwamba zinaponya. Bei yake nayo ni kubwa kuliko ya kibodi ya kawaida.

Asiyekuwa na uwezo wa kuinunua anaweza kuanza na mambo yafuatayo, ambayo mengi hayana gharama:

- Akunje vile vijiguu vya nyuma ya kibodi. Vikisimama, kifundo hupinda kuelekea juu.
- Kiti kiwe na kimo cha kuwezesha kiwiko kulingana na meza.
- Kipanya kikae karibu na kibodi. Kibodi isiyo na sehemu ya tarakimu upande wa kulia husaidia katika hili.
- Mwenye kompyuta ya mapajani aiinue juu ya vitabu, kisha aunganishe kibodi ya pembeni.

Kubadili utaratibu wa kazi

Badiliko kubwa zaidi ni la mazoea. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara hufaa kuliko pumziko moja refu baada ya mkono kuchoka. Mwandishi wa programu na azitumie njia za mkato za kibodi badala ya kipanya, na aiachie programu yake ya kuandikia kazi ya kumalizia maneno yanayojirudia.

Windows ina utaratibu unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Shift mara 5 mfululizo. Humwezesha mtumiaji kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine badala ya kuvishika kwa pamoja. Barua na ujumbe huweza kuandikwa kwa sauti, kwani Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kusema mwaka 2017. Msimbo wa programu, wenye mabano na alama nyingi, ni mgumu zaidi kuusema.

Wanaochapa Kiiraqw wana mzigo unaofanana na huo. Lugha hiyo hutumia mkwaju (/) kama herufi ya sauti ya kooni. Katika kibodi nyingi alama hiyo hubonyezwa kwa kidole kidogo cha kulia, ambacho ni dhaifu. Kuihamishia kwenye kitufe cha Alt cha kulia, kinachofikiwa na kidole gumba, hupunguza kazi ya kidole hicho.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, chini ya usimamizi wa wakala wa serikali, OSHA.

Kwa anayeugua kutokana na kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ili kudai fidia ni lazima ionekane kuwa ugonjwa ulitokana na kazi. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi amweleze mwajiri wake kwa maandishi mara dalili zinapoanza, aende hospitalini mapema, na ahifadhi vyeti vyote anavyopewa na daktari.