Mchanga Mlangoni mwa Pangani

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya pwani, akiisha kuyapita mashamba ya katani na minazi, huukuta mji wa Pangani umetulia ukingoni mwa mto wake, na ng'ambo kilima cha Bweni kimeuelekea. Akapanda pantoni pamoja na baiskeli na mikungu ya ndizi, akadhani, kama nilivyodhani mimi siku ya kwanza, ya kuwa utulivu huu ndio tabia ya mahali hapa tangu azali.

Sivyo. Zama za masultani wa Zanzibar misafara ya pembe na ya watumwa iliteremkia hapa. Na hapa, Agosti 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani alipokuja kutweka bendera kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Sayyid Khalifa, ndipo fitina ilipowaka ikawa vita vya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa papa hapa Desemba 1889. Hata katani yenyewe ilianzia Kikogwe, kusini ya mto, mwaka 1893: katika miche 1,000 aliyoiagiza Mjerumani Dakta Hindorf kutoka Florida, ilisalimika 62 tu, na uzao wake ukaienea nchi.

Kilichoushusha mji, kwa rai yangu, ni mchanga kuliko mizinga. Fungu lililo mlangoni mwa mto lilizizuia meli kubwa, ilhali Tanga, yenye ghuba ya kina, ikaanza kujengewa reli mwaka ule ule wa 1893, na biashara ikaifuata. Basi mgeni wa leo, apandaye mto kwa mashua kati ya mikoko kutazama ndege na mamba, anastarehe juu ya hasara ya wazee wa Pangani, wala sidhani kama wao wangaliifurahia starehe hiyo.

Mchanga huohuo haukai. Maziwe, fungu la baharini lizamalo bamvua ijaapo, zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje, ambapo kasa walikitaga kwa wingi. Lilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na kabla ya miaka kumi kutimia miti yote ilikuwa imekwenda na bahari. Kasa wangali wakija, na mayai yao huchimbuliwa yakafukiwa upya ufukoni Ushongo, yasije yakafa maji. Naye mgeni azamiaye samaki wa matumbaweni hana budi kumtii nahodha: nahodha akinena kwamba maji yanajaa, mgeni hukusanya nguo zake mchangani, akarejea chomboni.