Ukuti wa Mnazi Katika Milima ya Karagwe

Shanga zilizopita njia hii ya misafara kwenda Karagwe zilikuwa na majina matamu. Za manjano hafifu ziliitwa samli, na zile ndogo za kioo angavu cha kijani ziliitwa ukuti wa mnazi. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliyaandika majina hayo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Za kijani alizitajia pia jina la pili, nili, ambalo leo kila mtu angeapa ni buluu.

Ushanga huo wa ukuti ndio ulionipandisha basi kwenda Kayanga, na kutoka hapo bodaboda hadi Bweranyange. Nilitaka kujua jina la pwani lilikuwa likitafuta nini huku juu, kwenye nchi ya zaidi ya mita 1,500 isiyo na mnazi hata mmoja. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo kutoka Tabora huenda hakuwa ameuona mnazi kwa macho yake. Ila Kiswahili nacho hakina namna: kila kikitaka kuitaja rangi hii hukimbilia mtini. Kijani ni jani dogo. Chanikiwiti, neno la lahaja za kaskazini, ni jani bichi tu.

Njia ya zamani ilitoka Tabora ikapita Usui, ambako mtawala Suwarora alikamua hongo mpaka misafara ikatoka imekonda, ndipo ikapanda Karagwe. Wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanika, mukama, yaani mfalme, wa Karagwe, tarehe 25 Novemba 1861. Baada ya Usui walijiona wameingia peponi: hongo hakuna, na vijiji vilikwisha kuamriwa kuwalisha wageni. Chini ya kilima waliona ziwa dogo. Grant akasema linafanana na Windermere la kwao Uingereza, Speke akalibatiza Little Windermere.

Jina hilo limechekwa sana, na wanaolicheka wana haki yao. Mimi simlaumu Grant. Mtu wa pwani alitazama kioo cha kijani akaona ukuti, na Mskoti huyu alitazama ziwa kati ya vilima akaona ziwa la Uingereza. Mimi nami nilifika Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Pikipiki ilipozima kwenye tope nikakaa kando ya njia nikivitazama vilima vilevile, na kitu cha kwanza kilichonijia ni shuka la kijani la shule niliyosoma.

Mzee aliyenikaribisha jirani na hapo hakuwa na haja ya mifano. Nilipomsifia kijani cha kwao aliniuliza, "Kipi?" Akanyoosha mkono. Kule juu ni rweya, nyasi za malisho zinazokauka na kuungua kila kiangazi, kisha zikachipua tena na mvua ya kwanza. Huku chini ni kibanja: migomba, mibuni chini yake, na maharage chini ya mibuni. Kijani cha rweya huja chenyewe. Cha kibanja hutengenezwa. Nyasi hukatwa rweya na kutandazwa mashinani mwa migomba, samadi ya ng'ombe huletwa kwa mikono, na hivyo vizazi kwa vizazi, mpaka udongo wa kibanjani ukawa mweusi na wa jirani ukabaki mwekundu. Bendera ya taifa inatufundisha kuwa kijani ni uoto wa nchi. Kwa mzee huyu hilo ni jibu la haraka mno.

Tena kijani kina bei yake. Mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ingali kijani mtini, pengine ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, halafu akawa mlinzi wa mali ya mwenzake mpaka msimu ufike. Wenyeji huuita mtindo huo butura, na marufuku za serikali hazijaumaliza. Kahawa mbichi ina heshima pia: huchumwa kabla haijawa nyekundu, ikachemshwa na majani ya dawa, ikakaushwa, ndipo ikaletwa kwa mgeni aitafune. Nilitafuna mbili. Uchungu ule haukunitoka hadi jioni.

Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, mguu wake umeoza kwa kidonda, aliachwa Karagwe hadi Aprili. Huyu ndiye ninayempenda kati ya wawili hao. Alichora kwa rangi za maji, na safarini alikusanya mimea na kuikausha kati ya karatasi. Mimea hiyo ilifika Kew, bustani kuu ya mimea jijini London, na maelezo yake yakachapishwa kati ya 1872 na 1875. Mmea uliokaushwa namna ile hubaki na umbo, mishipa na hata vinyweleo vyake. Rangi ndiyo inayogeuka ya tumbaku.

Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya huku yalipandishwa hadhi. Karagwe ikapata Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika, yenye jina la mukama yule, na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ikapata Ibanda, kwenye pembe ya nchi inayopakana na Rwanda na Uganda. Ni rweya na misitu ile ile, isipokuwa sasa ina mpaka na askari.

Jioni mke wa mzee alimenya ebitoke, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Ndizi hizo zimekomaa, ila hazijaiva wala hazingojewi ziive. Alikata jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto upande mmoja, kisha mwingine. Jani lililokuwa na ukungu mweupe likang'aa ghafla, kijani kizito chenye mafuta, likalegea kama kitambaa. Akafunika chungu.

Asubuhi alinifungia zilizobaki katika jani jingine lililobabuliwa vivyo hivyo. Nilizila Biharamulo saa nane mchana. Kingoni, pale alipokaza kamba, jani lilikuwa limeanza kuwa kahawia.